Shokapu ya mbele si mto wa kukalia

Ndugu msikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakitazama kila siku bila kukiona. Ni yale mabomba mawili yanayoshuka kutoka kwenye usukani wa pikipiki hadi kwenye ekseli ya gurudumu la mbele. Mafundi wetu wanayaita shokapu za mbele. Najua wapo watakaosema kwamba leo nimeishiwa na maneno, nimeacha mambo makubwa ya nchi na kuingia gereji. Naomba wanivumilie. Katika familia yetu upo mkono uliovunjika kwa sababu ya kijiko cha mafuta ambacho hakikuwepo mahali pake, na nisingependa uwepo wa pili.

Mjomba wangu alikuwa bwana shamba. Kazi ilimpeleka Mang'ola, katika bonde la Ziwa Eyasi, wilayani Karatu, na alipostaafu hakurudi alikozaliwa. Alipata shamba karibu na mfereji, akawa mkulima wa vitunguu kama majirani zake. Wewe uliyeko Dar es Salaam au Arusha usidhani kwamba Mang'ola haikuhusu. Kitunguu ulichokikaanga jana jioni huenda kilitoka kwenye majaruba yale, na huenda safari yake ya kwanza, kutoka shambani hadi kwenye lori, ilikuwa juu ya kiti cha nyuma cha pikipiki.

Pikipiki ya mjomba ni Yamaha AG100, ile aina ya kazi ambayo mabwana shamba wengi waliifahamu. Aliinunua kwenye mnada wa vifaa vilivyokwisha kutumika, na tangu siku hiyo imekuwa punda wake. Injini yake ameitunza kama yai. Mnyororo anautia mafuta, plagi anaisafisha. Lakini shokapu za mbele hakuwahi kuzifungua hata mara moja, kwa sababu hazikuwahi kugoma. Injini ikiumwa hukataa kuwaka, na tairi likitoboka hulala. Shokapu haina tabia hiyo. Inakufa taratibu, na kila siku inamwomba dereva msamaha mdogo tu, naye anatoa.

Kutoka Karatu mjini kwenda Mang'ola unateremka zaidi ya mita 400. Juu kuna baridi na udongo mwekundu. Chini kuna joto, migunga, na vumbi jepesi kama unga. Eyasi ni ziwa la magadi, na maji yake yanapopungua upepo huokota ule unga wa chumvichumvi na kuugawa bondeni kote. Siku moja mjomba alikuwa akiteremka, amempakia mke wake, ambaye sisi sote tunamwita Mama, akitoka kumpeleka hospitali. Mbele wakakuta kipande cha barabara chenye vijituta vidogovidogo vilivyopangana kama ubao wa kufulia. Mjomba akabana breki ya mbele. Gurudumu likaanza kurukaruka. Lilikuwa likigusa ardhi na kuachia, likigusa na kuachia, na gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani. Wakaingia kwenye michongoma. Mjomba alitoka na mikwaruzo. Mama alitoka na kiwiko kilichovunjika.

Nilikwenda kuwapa pole. Nilipofika Barazani nilimkuta mjomba ameketi chini ya mti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Umeona barabara yetu hiyo? Ndiyo iliyotuua."

Sikumbishia, maana mkubwa habishiwi akiwa na machungu. Lakini niliisogelea pikipiki, nikashika breki ya mbele, nikaukandamiza usukani kwa uzito wangu wote, kisha nikauachia. Ilinesa juu na chini mara tatu, mara nne, kama kitanda cha springi cha zamani. Nikapitisha kidole kwenye bomba linalong'aa. Kikatoka na tope jeusi la mafuta na vumbi. Hapo nikajua kwamba barabara ilikuwa na makosa yake, lakini haikuwa peke yake.

Ndugu msikilizaji, hebu tuelewane kwanza shokapu inafanya kazi gani. Watu wengi hudhani ni kitu cha starehe, kama mto wa kukalia, kwamba ikiharibika utaumia mgongo tu na mwanamume hana budi kuvumilia. Sivyo. Ndani ya kila mguu wa shokapu mna springi na mna mafuta. Gurudumu linapopanda jiwe, springi inabonyea. Springi peke yake ingerudi kwa nguvu ileile, ikabonyea tena, ikarudi tena, na gurudumu lingecheza ngoma. Mafuta ndiyo yanayoituliza. Yanalazimishwa kupita katika matundu madogo, na kupita huko kunachukua muda na kunakula nguvu. Chukua bomba la sindano lililojaa maji, ulisukume kwa haraka, nawe utahisi jinsi linavyokataa kuharakishwa. Ukataaji huo ndio unaolibakiza gurudumu ardhini.

Kwa hiyo shokapu ya mbele ni sehemu ya breki, na ni sehemu ya usukani. Dereva akibana breki, uzito wa pikipiki, wa mtu na wa mzigo huhamia mbele, na zaidi kwenye mteremko. Kitu kinachopokea uzito huo na kuugandamiza kwenye tairi ni hayo mabomba mawili. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilipotoa pikipiki za R12 na R17 mwaka 1935 zikiwa na shokapu za namna hii zenye mafuta, haikuwa inauza starehe peke yake. Mpaka leo pikipiki karibu zote zinazobeba abiria katika miji yetu zinategemea wazo lilelile.

Sasa mafuta yanatokaje? Mahali bomba la ndani linapoingilia la nje kuna pete ya mpira inayoitwa sili. Midomo yake inalilamba bomba kila linapopanda na kushuka, na kuyazuia mafuta yasitoke. Vumbi likigandamana na utando wa mafuta pale kwenye mdomo linageuka msasa. Chumvi nayo inafanya kazi yake, inalitoboa bomba vitundu vidogo vya kutu, na kila kitundu kinapopita kinaikata sili kama wembe mdogo. Pikipiki nyingi za kazi hutoka kiwandani zimevikwa mipira ya kukunjakunja kuyakinga mabomba. Ile ya mjomba ilikuwa imechanika miaka mingi, na mpira uliochanika ni mbaya kuliko kutokuwa na mpira, kwa sababu unakuwa mfuko wa kuhifadhi vumbi na maji. Wahenga walisema bandubandu huisha gogo. Hakuna aliyeiba mafuta ya mjomba. Yalitoka tone kwa tone, na mikono yake ikajifunza kuendesha pikipiki mbovu bila kumwambia.

Tulitafuta vifaa, tukaifanya kazi hiyo pale nyumbani katika siku moja na nusu. Nitaieleza kwa ufupi, ili mwenye pikipiki ya zamani ajue kwamba si uchawi. Mifano inatofautiana, na hakimu wa mwisho ni kitabu cha pikipiki yako. Lakini mwendo wa kazi ni huu.

Kwanza, pikipiki ingali imesimama kwa magurudumu yake, legeza bolti inayobana bomba pale juu karibu na usukani, kisha ulegeze kifuniko cha juu cha kila bomba robo mzunguko tu. Ukisubiri mpaka bomba liwe mkononi litazunguka nawe bure. Pili, inua pikipiki kwa kuweka kreti imara chini ya injini, na uifunge kamba nyuma isije ikaanguka. Vua gurudumu, waya wa breki na madigadi. Tatu, chini kabisa ya kila mguu, ndani ya tundu, kuna bolti ya kufunguliwa kwa spana ya pembe sita. Ifungue wakati springi ingali ndani na kifuniko cha juu kingali kimeshika, kwa sababu msukumo wa springi ndio unaokizuia kile kilicho ndani kisizunguke pamoja na bolti. Mafundi wengi wamepoteza mchana mzima kwa kutojua jambo hili.

Ndipo unapotoa kifuniko cha juu, polepole, uso ukiwa pembeni, maana springi inakisukuma na inaweza kukuruka. Kinga chombo, umwage mafuta. Nitakwambia tulichokiona. Mguu wa kulia ulitoa kiasi kisichojaza kikombe cha kahawa, cheusi, chenye harufu ya samaki aliyeoza. Mguu wa kushoto, ule uliokuwa na tope, ulitoa vijiko viwili. Mjomba alivitazama vile vijiko viwili kwa muda mrefu. Hakusema neno juu ya barabara tena.

Mafuta hayo machafu tuliyafunga kwenye dumu. Nalisema hili kwa makusudi. Mang'ola inaishi kwa maji ya chemchemi na mifereji, na mtu anayemwaga mafuta ya gereji kando ya mfereji anayamwaga kwenye kitunguu cha jirani yake.

Ukishatenganisha mabomba, sili inatolewa baada ya kuondoa klipu inayoizuia. Tumia bisibisi iliyozungushiwa kitambaa, usikwaruze ukuta inapokaa. Usiitupe sili ya zamani. Aghalabu imeandikwa namba tatu, yaani kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, kwa milimita. Ukienda dukani Karatu au Arusha ukiwa na namba hizo huhitaji kubishana na mtu kama inaingia au haiingii. Tena sili ya zamani ina kazi moja iliyobaki. Unaiweka juu ya mpya na kuigonga taratibu kwa kipande cha bomba chenye upana huohuo, ili ile mpya iingie sawasawa bila kuumia. Kabla ya hapo ipake mafuta safi, na uvike ncha ya bomba kipande cha nailoni laini ili isiikate midomo yake.

Kabla hujaweka sili mpya lichunguze bomba. Palipo na mchomozo mdogo, sugua kwa msasa laini kabisa uliolowana mafuta. Palipo na mashimo ya kutu mahali sili inapopita, usijidanganye, kwani sili mpya itakatika kabla ya mwezi. Kisha lilaze bomba juu ya kioo tambarare na ulivingirishe. Likicheza, au ukiona mwanga unapita chini yake mahali fulani na kufifia, limepinda.

Na la kushoto lilikuwa limepinda. Mjomba akasema, "Hapa tuna wahunzi wa Kidatoga wanaogeuza msumari kuwa kichwa cha mshale. Bomba hili watalinyoosha kabla ya chai."

Ni kweli, wahunzi wa bonde lile wana mikono ya kuheshimiwa, na vyuma chakavu wanavigeuza kuwa mishale na bangili. Lakini nilimwomba mjomba aniwie radhi. Bomba la shokapu lililopinda na kunyooshwa kwa nyundo linabaki na udhaifu palepale lilipokunjwa, na ule ung'avu wake wa juu unapasuka. Mshale ukikatika umepoteza swala. Bomba likikatika umepoteza mtu. Kazi ikasimama mpaka kesho yake, tukatafuta bomba jingine la aina ileile ambalo ni zima. Hii ndiyo sehemu ambayo kazi ya nyumbani haina budi kukiri mpaka wake.

Sasa yapo mambo mawili ambayo hufanywa sana na watu wanaobeba mizigo, na yote mawili ni hatari. La kwanza ni kutia mafuta mazito ya gia, eti shokapu iwe ngumu ibebe gunia. Itakuwa ngumu kweli. Lakini mafuta mazito hayawahi kupita kwenye matundu, na gurudumu litakuwa linaruka vijituta badala ya kuvifuata. Utarudi palepale tulipoanzia, kwenye michongoma. La pili ni kujaza kupita kipimo. Juu ya mafuta lazima ibaki nafasi ya hewa inayobonyea, na usipoiacha, msukumo utazifumua hata sili mpya. Tumia mafuta ya shokapu ya uzito uliotajwa kitabuni. Baadhi ya vitabu vya Honda za zamani vinaruhusu yale mafuta ya giaboksi za otomatiki, kwa hiyo soma kwanza kabla ya kukata tamaa dukani.

Kipimo kwa pikipiki ndogo nyingi ni kati ya mililita 100 na 250 kwa kila mguu. Jambo kubwa ni kwamba miguu yote miwili ipate sawasawa. Sisi tulipima kwa chupa mpya ya kunyonyeshea mtoto, maana ina mistari ya mililita, na Mama akaapa kwamba chupa hiyo haitaingia jikoni kwake kamwe. Ukishatia mafuta, panda na kushuka na bomba mara kumi ili hewa iliyonaswa itoke, ndipo uweke springi na kifuniko. Rudisha mabomba kwa urefu uleule pale juu. Ukisharudisha gurudumu, kandamiza usukani mara kadhaa kabla ya kukaza ekseli kabisa, ili miguu ijipange yenyewe bila kubanana. Kaza kila bolti, jaribu breki ikiwa imesimama, kisha uendeshe polepole bila abiria.

Nilipoukandamiza tena usukani, ulishuka kwa utulivu, ukarudi mara moja, ukanyamaza. Mjomba aliizungusha pikipiki hadi kwenye kile kipande kibaya karibu na nyumba, akarudi, akazima injini. Alisema kwa sauti ndogo, "Kumbe ndivyo ilivyokuwa nilipoinunua. Nilisahau."

Ndugu msikilizaji, neno hilo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo. Ubovu unaokuja ghafla tunaupigia kelele. Ubovu unaokuja polepole tunauzoea, na tukishauzoea tunauita hali ya kawaida. Kwa hiyo maumivu hayawezi kuwa kengele ya matengenezo ya shokapu, kwa sababu hayaji mpaka siku ya ajali. Kengele yake ni kalenda. Badilisha mafuta kila mwaka, na kwa anayekaa kwenye vumbi kama la Eyasi, mara mbili kwa mwaka. Kila jioni futa mabomba kwa kitambaa safi. Kitambaa hicho ni rahisi kuliko sili, na sili ni rahisi kuliko mfupa.

Nageukia sasa mjini. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoweka utaratibu wa leseni za pikipiki za kubeba abiria, bodaboda zimekuwa miguu ya watu wengi. Pikipiki nyingi miongoni mwa hizo si mali ya anayeziendesha. Kijana anapeleka hesabu kwa bosi kila siku. Muulize bosi nani anabadilisha mafuta ya shokapu, atakwambia dereva ndiye anayekaa nayo. Muulize kijana, atakwambia chombo ni cha bosi. Injini ikifa wote wawili wanaumia siku hiyohiyo, kwa hiyo wote wawili wanaijali. Shokapu ikifa hesabu inaendelea kupelekwa, na anayebeba hatari ni yule wa tatu, aliyepanda nyuma na bahasha yake ya kazini, ambaye hakushirikishwa katika mapatano yao. Mabwana wenye pikipiki, jambo hili liandikeni kwenye mkataba. Ni mafuta ya kikombe kimoja au viwili kwa mwaka.

Na wewe abiria si mnyonge kama unavyodhani. Kabla hujapanda, tupa jicho kwenye mabomba ya mbele. Yakiwa makavu na yanang'aa, panda. Ukiona pete ya tope jeusi lililolowana, mwambie kijana kwa upole, "Mdogo wangu, shokapu yako inavuja," kisha utafute nyingine. Hutamkosea heshima. Huenda wewe ukawa mtu wa kwanza kumwambia.

Mama hajapanda tena ile Yamaha. Akitaka kwenda Karatu anangoja gari, na mjomba hamlazimishi. Lakini nilipokuwa naaga nilimkuta mjomba stoo, amesimama mbele ya ukuta wenye hesabu za magunia ya vitunguu, na kipande cha mkaa mkononi. Chini ya hesabu alikuwa ameandika tarehe ya siku ile, na mbele yake maneno mawili: mafuta, shokapu. Akaacha nafasi chini yake.

Mama alikuja na mkono wake kwenye tanzi la kitambaa, akaisoma ile tarehe, akasema, "Hiyo nafasi nitaitazama mimi."